Kerezo Kwenye Mlango wa Mwashi

Asubuhi hiyo Bi Unywele alikunywa chai wima. Kiti kilikuwa mbele yake, hakukigusa. Mama mkwe wake, aliyekuwa akimtazama kutoka ng'ambo ya meza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hata siku ya harusi yako hukuwa na kiherehere hiki."

"Siku ya harusi, mama, nilijua bwana harusi atapita mlangoni."

Mama mkwe akacheka mpaka chai ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni.

Aliyekuwa anatarajiwa siku hiyo hakuwa bwana harusi. Lilikuwa kerezo. Ambaye hajawahi kuliona na afikirie mashine ya chuma cha kumiminwa, ndefu kama kitanda cha mtu mzima, nzito kuliko ng'ombe wawili walioshiba. Upande mmoja kuna kichwa chenye gia na taya. Unafunga kipande cha chuma kwenye taya, kinazunguka vuu! vuu! vuu!, kisha kisu kigumu kinakisogelea polepole na kukimenya kama chungwa. Shafti iliyolika, puli iliyopasuka, skrubu ambayo huipati katika duka lolote, vyote huzaliwa upya hapo. Na kwa mtaa ule na mitaa ya jirani, mkunga alikuwa Bi Unywele.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Unywele alilipata kazini. Mteja akija kuuliza kama kifaa chake kiko tayari, yeye hukipima, hukiinua kwenye mwanga, hufumba jicho moja, halafu husema, "Bado unywele." Anamaanisha kimebaki kipunguzwe kiasi cha unene wa unywele mmoja. Wateja wengine walidhani ni mzaha, mpaka wakaona kifaa kinaingia mahali pake kama kidole kwenye pete.

Kazi yenyewe ilimnasa akiwa msichana. Baba yake alimtuma kwenye karakana akachukue shafti ya mashine ya kusaga nafaka. Akafika, akaona maranda ya chuma yakiruka, ya buluu, yanafuka moshi, akasahau kilichomleta. Alisimama pale mpaka mwenye karakana akamuuliza, "Binti, umekuja kuchukua shafti au kuposa mashine?" Wanaume wote wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Kwa nini hayakatiki, yanatoka marefu hivyo?" Mwenye karakana akaacha kucheka, akamjibu. Kesho yake alirudi na swali jingine, na kesho kutwa jingine, na maswali hayo hayakuisha mpaka mvi zikaanza kumchungulia kwenye kilemba, bado yuko palepale, kwenye kerezo lilelile la rangi ya kijani.

Sasa yule mzee wa karakana alikuwa amechoka na kazi na anakwenda kuishi na watoto wake. Kiwanja alikiuza. Vyuma vyote vilivyokuwemo alimuuzia mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye watu walimwita Chakavu na yeye akaitika bila kinyongo. Kitu kimoja tu mzee alikitenga. "Kerezo la kijani ni la binti yangu huyu," alisema, "ila alitoe na kulipeleka kwake kabla kiwanja hakijakabidhiwa. Mimi sina tena pa kumtunzia."

Na siku ya kukabidhi kiwanja ndiyo hiyo.

Chakavu alikuwa na lori, winchi ya mnyororo na vijana wenye mabega kama milango. Alijitolea kulisafirisha, lakini alisema ukweli wake mbele ya mzee. "Dada, mimi sina maneno mengi. Nakupelekea mpaka kwako. Likiingia ndani, lako, na Mungu akubariki. Likikataa kuingia, siwezi kuliacha njiani, na hapa halirudi. Litakwenda kwangu, na wewe unajua kwangu kuna nini."

Bi Unywele alijua sana. Kwake Chakavu kulikuwa na nyundo kubwa. Chuma cha kumiminwa hupasuka kama chungu.

"Tupeane mkono," akasema, na akautoa wake bila kupepesa macho. Mlango wa chumba cha nyuma ya nyumba alikuwa ameupima kwa mkono wake mwenyewe, akarudia. Kerezo nalo alilipima, akalivua mota, akalivua mipini yote iliyojitokeza. Lingepita na nafasi ya vidole viwili ingebaki. Mtu anayepima kwa nywele akiwa na vidole viwili vya ziada, huyo ni tajiri.

*

Karakana ilikuwa tupu, sauti zinarudi kutoka kwenye kuta. Vijana wa Chakavu walikuwa wameshapitisha mnyororo katikati ya kerezo, katikati kabisa, kama mtu anavyobeba mzigo wa kuni.

"Jamani, subirini! Hapo sipo," Bi Unywele akapaza sauti. "Limelalia upande wa kichwa. Mkilinyanyua hivyo litapiga mbizi."

"Mama, sisi tumenyanyua matrekta," mmoja akajibu, na akavuta mnyororo.

Kerezo likaacha sakafu. Likaning'inia kidogo, likafikiri, kisha kichwa kikaanza kushuka, taratibu, halafu si taratibu tena. Vijana wa kunyanyua matrekta wakatawanyika kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Bahati, halikuwa limepanda juu. Kichwa kikagota kwenye mbao, du!, vumbi likatoka hata darini.

Chakavu akakuna kidevu. "Ni trekta gani hilo mlinyanyua? La plastiki?"

Bi Unywele hakuwa na muda wa kuwacheka. Alilipapasa kerezo kichwani, kitandani, miguuni, kama mama anayempapasa mtoto aliyeanguka. Halikupasuka. Akashusha pumzi. Kisha akafungua vishikizo, akasukuma vile vipande vizito vinavyoteleza juu ya kitanda cha kerezo, kile cha kubebea kisu na kile cha mkiani, mpaka vikafika mwisho wa upande mwepesi, akavikaza. Mnyororo akausogeza karibu na kichwa.

"Vuteni sasa. Na mkae mbali na tumbo lake."

Wakavuta. Likapanda limelala sawa kama maji ndani ya beseni. Yule kijana wa matrekta akapiga mluzi. "Mama, kumbe ni kama bembea!"

"Ndiyo. Mtoto mnene hukaa karibu, mwembamba hukaa mbali."

Njiani Bi Unywele alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma, akasimama, mkono mmoja kwenye lori na mmoja kwenye kerezo. Upepo ulikipepea kilemba chake, watu wakatoka madukani. "Bi Unywele, unahama?" "Sihami, nahamiwa!" Kila lori lilipopita shimo moyo wake uliruka nalo, na kila liliposawazika alijikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota pochi.

*

Lori halikuweza kuingia kwenye uchochoro, hilo lilijulikana. Walilishusha kerezo mdomoni mwa uchochoro juu ya vipande vya bomba, wakalisukuma. Ndivyo vitu vizito vinavyotembea: bomba linalobaki nyuma unalikimbiza mbele, linalobaki nyuma unalikimbiza mbele, na huku mwingine anachokoa kwa mtaimbo ili lisikwame. Bi Unywele alitembea kinyumenyume, akiimba amri. "Kidogo! Tena! Simama! Bomba! Haya, tena!"

Fundi cherehani, ambaye mlango wake unatazamana na chumba kile cha nyuma, alikuwa amesimama kizingitini na tepu yake shingoni. "Jirani, mimi nina wateja. Hiki kitu kitalala hapa njiani?"

"Hakilali, fundi. Kinapita tu."

"Hata tembo hupita tu, lakini mahindi hayasimami tena."

Na mbele yao, kwenye mlango wa chumba, alikuwa amesimama mume wake Bi Unywele, fundi mwashi, mikono nyuma, uso unameremeta. Huyu bwana hakuwa msemaji. Mapenzi yake aliyasema kwa saruji. Walipooana alimjengea jiko. Mama yake alipohamia kwao alimjengea baraza. Ndani ya chumba hiki alikuwa amemwaga sakafu nene ambayo hata kifaru angeichezea ngoma.

"Mke wangu," akasema, "nimekufanyia kitu jana ulipokuwa kule karakana. Nilitaka ushangae."

Akasogea pembeni.

Mlango ulikuwa umepigwa lipu. Pande zote mbili, juu mpaka chini, lipu laini kama mche wa sabuni, kona zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Yale matundu mabaya ya matofali yaliyokuwa yakionekana hayakuonekana tena.

Bi Unywele alishangaa kweli. Alichomoa futi kamba mfukoni, akapima mlango, akapima kerezo, akapima tena mlango.

"Umeongeza," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeongeza nini?"

"Ukuta, baba. Umeongeza ukuta."

Mwashi akautazama mlango, akalitazama kerezo, akautazama mlango. Mng'aro wa uso ukamtoka kama taa iliyokatiwa umeme. Ndoa yao yote walikuwa wakitaniana juu ya jambo hilo: yeye kazi yake ni kuongeza, mkewe kazi yake ni kupunguza. Mmoja hafikirii jengo limekamilika mpaka apake tabaka jingine. Mwenzake hafikirii kifaa kimekamilika mpaka akitoe tabaka jingine. Siku zote lilikuwa jambo la kuchekesha. Leo vidole viwili vilikuwa vimeliwa na lipu, nayo ikadai nyongeza.

"Nilikoleza saruji," mwashi akasema, kama mtu anayeungama. "Nilisema mlango wa karakana utagongwa na vyuma, uwe imara. Imeshashika."

Chakavu alikuwa ameshaelewa. Alikuja akaupima mlango kwa kiganja chake, akasonya, na sonyo hilo halikuwa la ubaya. "Dada, haya mambo hutokea. Shemeji hana kosa. Lakini tulipeana mkono. Tupakie?"

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea jikoni na sufuria, akaliweka barazani kwa kishindo.

"Upakie nini, mwanangu, na vijana wako hawajala? Kwangu hapa mtu hafanyi kazi akaondoka na njaa. Mtasema nini huko nje?"

Vijana walimtazama tajiri wao. Harufu ya chakula iliwafikia kabla ya jibu lake.

"Haya," Chakavu akasema. "Tule. Sahani zikikauka tukalikuta liko nje, tunapakia. Hakuna maneno."

Mama mkwe akampita Bi Unywele na rundo la sahani, akamnong'oneza bila kugeuza shingo: "Mimi nitapakua polepole. Na wewe usisimame kama mlingoti."

*

Mwashi alikuwa ameshapata tindo na nyundo. Macho yamemwiva. "Naibomoa yote," akasema, na akapiga pigo la kwanza. Likatoka pande dogo kama ukucha. Akapiga tena. Ukucha mwingine.

"Kwa mwendo huo watakula mpaka waoe," mkewe akasema. Alimshika mkono. "Ngoja. Hebu ngoja kwanza."

Alichuchumaa mbele ya kerezo, akainama, mwisho akalala kabisa chali kwenye vumbi, nusu ya mwili iko chini ya mashine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye hakuona haya hata fundi cherehani alipokohoa. Kutoka kule chini alilitazama umbo lake. Kerezo si sanduku. Lina kiuno, lina tumbo, lina mabega. Miguu yake ingepita mlangoni hata sasa. Kiuno kingepita. Kinachogoma ni sehemu mbili tu: bega moja la kichwa, upande huu, na kitumbo cha gia, upande ule, chini kidogo.

Akachomoka. "Fundi! Una lile karatasi gumu la kukatia mifano?"

Fundi cherehani akasahau wateja wake. Alileta karatasi, na mkasi juu yake, na tepu, na maoni. Wakaliegemeza kerezoni, Bi Unywele akachora umbo lake kwa chaki, fundi akakata, kama vile wanamshonea kerezo koti. Wakalibeba koti hilo mpaka mlangoni. Likagusa lipu mahali pawili, palepale. Akapazungushia chaki.

"Mume wangu, usiuvunje ukuta," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi, tena imerudi na nyongeza. "Ukereze."

Mwashi akamtazama. Kisha, polepole, akacheka.

Kule barazani mama mkwe alikuwa vitani. "Wewe mwenye shati jekundu, umekula kama ndege, lete sahani." "Mama, nimeshiba." "Umeshiba nini? Mgongo huo unalishwa na nini?" Chakavu alijaribu kusimama, akaletewa maji ya kunawa, halafu akaambiwa chai inachemka, na ni dharau kuiacha chai ya watu.

Mwashi alipiga tindo kwa vipigo vidogovidogo ndani ya duara la chaki, vumbi linampaka mvi. Mkewe alikuwa pembeni na karatasi lake, analijaribisha.

"Bado."

Ko, ko, ko.

"Bado."

Ko, ko.

"Bado unywele."

"Unywele wa kichwa cha nani? Wangu au wako?"

"Wako, wangu mnene. Endelea."

Karatasi likapita bila kugusa. Bi Unywele akageuka barazani, akaita kwa sauti ambayo hata watoto wa mtaa wa pili waliisikia: "Jamani! Mmeshanawa mikono? Njooni mtusukume!"

Chakavu akaja na kikombe mkononi. Aliona mlango: upande mmoja una tundu la bega, upande wa pili tundu la tumbo, kama ukuta uliokumbatiwa na mtu mnene. Akakiweka kikombe chini. Vijana wakapanga mabomba.

"Kidogo," Bi Unywele akasema. "Kidogo tena."

Kichwa kikaingia. Bega likalifikia tundu lake, likatumbukia ndani, likatokea upande wa pili. Kitumbo kikakwaruza, krrrr, kikaacha mstari wa rangi ya kijani kwenye saruji, na kila mtu akavuta pumzi kwa ndani kana kwamba wao ndio wanaopita. Mtaimbo ukachokoa. Bomba likakimbizwa mbele. Na mara kerezo likateleza kama mtu anayeingia kwake, lote, mpaka mkiani, likasimama katikati ya chumba.

Kelele iliyolipuka! Kijana wa matrekta alimbeba fundi cherehani. Mwashi alirusha tindo juu na nusura limrudie kichwani. Bi Unywele alipiga vigelegele mwenyewe, akaitikiwa na mama mkwe kutoka jikoni.

Mama mkwe naye akaja kutazama. Alizunguka kerezo. Akazunguka tena.

"Samahanini, mimi sijui mashine," akasema. "Ila mkwe wangu huwa unasimama upande gani?"

Bi Unywele akatazama. Upande wa kusimamia, wenye vishikio na visu, ulikuwa umegusana na ukuta. Huku kwa watu kerezo lilikuwa limeleta mgongo. Katika mbio zile zote za vidole na nywele, hakuna hata mmoja aliyefikiri litatazama wapi.

"Mgeni kaingia akatupa kisogo," mama mkwe akasema.

Kwanza alicheka Chakavu. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya mwashi. "Mkataba ulikuwa liingie, dada! Kuhusu adabu zake hatukusema kitu!" Lakini alipomaliza kujifuta machozi alivua shati, akalitundika kwenye msumari. "Leteni grisi. Mimi mwenyewe nitakamata huku."

Wakapaka grisi sakafuni, mwashi akiomboleza sakafu yake, wakatoa mabomba, wakachomeka mitaimbo kwenye pembe zinazokabiliana, na kerezo likazunguka sentimita kwa sentimita, kama mwanamke mzito anayegeuka kitandani, mpaka uso wake ukatazama dirisha.

"Haya," Chakavu akasema, anahema. "Limeingia, limegeuka. Lakini lilipiga mbizi kule asubuhi. Nani anajua kama liko zima? Pengine nimehangaika kukuletea chakavu tu."

Alisema kwa utani, lakini Bi Unywele utani huo ulimchoma palepale alipokuwa akijiuliza mwenyewe. Umeme wa chumba kile ungeunganishwa kesho. Kesho ilikuwa mbali kama mwezi. Akafunga kipande cha shaba kwenye taya, akafunga kisu, akautia kwenye puli ule mkanda wa mota, ulioungana kama pete.

"Wewe na shemeji yako," akamwambia, "shikeni mkanda huu. Vuteni upande mmoja tu, kwa zamu, mkono kwa mkono, bila kusimama. Ninyi ndio mota."

Wakaanza kuvuta, mwenye kuongeza kuta na mwenye kuvunja vyuma, wanapishana kama wanaotwanga kinu kimoja. Taya zikazunguka. Bi Unywele akazungusha gurudumu dogo la kusogezea kisu, na kisu kikaigusa shaba. Hakikuruka. Hakikutetemeka. Maranda yakaanza kutoka, ya dhahabu, membamba, yanajikunja yenyewe, marefu, yanashuka yakagusa sakafu na bado hayakatiki. Ilisikika pumzi ya wavutaji tu, na ule mnong'ono wa kisu.

Aliposimamisha, alipitisha kidole juu ya shaba. Laini kote. Akamwita Chakavu naye apitishe chake.

Chakavu alipapasa, akapapasa tena. Akatoka nje bila shati, wakamsikia anafungua mlango wa lori na kurusharusha vitu. Alirudi na puli ya winchi yake, imelika upande mmoja kama kipande cha sabuni.

"Dada," akasema, na ile tarumbeta ilikuwa imeshuka sauti, "hii inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Kesho umeme ukija. Ila panga foleni."

"Foleni gani? Niko peke yangu!"

Fundi cherehani akakohoa nyuma yake. Alikuwa amesimama pale mlangoni muda mrefu, kifuani amekumbatia gurudumu la cherehani yake.